Kusimamia msitu wa hifadhi wa taifa: mwongozo wa mhifadhi, kuanzia kiini cha msitu hadi getini

Mhifadhi anayehamishiwa kwenye hifadhi ya mazingira asilia hakai siku nyingi kabla ya kuulizwa: mwaka huu wageni wangapi, na mapato yatapanda kiasi gani? Swali ni la haki, maana msitu nao unatarajiwa kuchangia mfuko wa serikali. Tatizo ni kuliweka mbele ya mengine yote. Ukianza nalo utachonga njia za watalii, utajenga vibanda, utasimika mabango ya maporomoko, na siku moja utagundua kwamba ile njia inayopendwa kuliko zote inapita juu ya chemchemi inayonywesha mji mzima. Kuihamisha wakati huo ni vita, kwa sababu waongozaji wameizoea na mawakala wa safari wameshaiuza.

Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Unaanza na sehemu za msitu ambazo mgeni hatafika, kisha unasogea taratibu kuelekea getini. Mfano wa kudumu ni Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kwa sababu karibu kila shida ya msitu wa taifa ipo pale: maji, chai, iliki, dhahabu, miti ya kigeni, na wageni wanaosafiri kutoka mbali kumtafuta ndege mmoja.

Soma makaratasi kabla ya kuvaa buti

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imegawa misitu ya Tanzania kwa mwenye dhamana: ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Ndani ya ile ya taifa, iliyo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) tangu 2011, upo msitu wa uvunaji na ipo hifadhi ya mazingira asilia, ambamo havunwi mti. Utafiti, elimu na matembezi vinaruhusiwa. Mgeni wa kawaida huichanganya hii na hifadhi ya taifa ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Msimamizi hatakiwi kuichanganya, kwa sababu masharti, viwango na hata adhabu vinatoka katika sheria nyingine.

Tafuta vitu vinne: Tangazo la Serikali lililoanzisha hifadhi, ramani iliyoambatana nalo, mpango wa usimamizi (mingi huandikwa ya miaka 5), na mikataba yote iliyosainiwa na vijiji au makampuni. Usikubali kuambiwa "ipo wilayani". Nenda kaione.

Amani inaonyesha kwa nini. Ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380. Lakini haikuwa msitu mmoja. Iliunganishwa kutoka kwenye misitu kadhaa ya hifadhi iliyokuwepo, ikaongezewa eneo lililotolewa na kampuni ya chai, pamoja na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 walipofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo. Kila kipande kilikuja na historia yake, na majirani wanaikumbuka vizuri kuliko faili lako. Mzee atakayekuambia "hapa palikuwa pa kampuni, si pa serikali" huenda anasema kweli kuhusu mwaka 1990, na utahitaji karatasi ya kumweleza kwa heshima kilichobadilika baada ya hapo.

Mpaka

Tembea mpaka wote kwa miguu katika mwaka wako wa kwanza. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji cha kila upande, mjumbe mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji, na kifaa cha GPS. Pale bikoni (nguzo ya alama ya mpaka) ilipong'olewa, usisimike nyingine siku hiyohiyo; andika alama, rudi na mpima, na kijiji kishuhudie. Mpaka uliosimikwa bila mashahidi huhama usiku.

Mstari wa miti ya aina moja, kama mitiki, hudumu kuliko bango la bati, ambalo huishia kuwa mlango wa banda la kuku. Utunze mkuza wa mpaka, yaani ukanda uliofyekwa, angalau mara moja kwa mwaka, baada ya masika, wakati majani yamekua na moto bado hauna nguvu.

Maji kwanza, kisha kila kitu kingine

Sasa orodhesha msitu una nini. Watu wengi huanza na wanyama. Anza na maji. Chora kila chemchemi, kila kijito kisichokauka na kila mahali watu wanapochota. Mto Zigi unaotiririka kutoka Usambara Mashariki ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, na jiji la Tanga linakunywa kutoka humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walipovamia kingo za vijito upande wa Sakale, ndani ya hifadhi, tope walilolitibua lilikuwa linaelekea kwenye mabomba ya watu wasiojua hata Sakale iko wapi. Ramani ya maji ndiyo inayokupa washirika wenye nguvu: mamlaka ya maji, mkuu wa wilaya, mwenye kiwanda. Wote hao wanaweza wasiujue umuhimu wa chura, lakini bili ya kusafisha maji wanaijua.

Baada ya maji, weka alama kwenye viumbe ambao hawapatikani pengine. Hapa huhitaji orodha ya spishi mia tatu; unahitaji mahali walipo. Urujuani wa Usambara, ua dogo linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina la Saintpaulia, lilikusanywa huku mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito, na jamii nzima ya ua hilo inaweza kuwa juu ya jabali moja lenye ukubwa wa meza. Buti kumi zikipanda jabali hilo kupiga picha, hesabu imekwisha. Majabali ya namna hiyo yaingie kwenye ramani yako kabla hujafikiria njia yoyote.

Tatu, makaburi, mahali pa matambiko, na vijia vya zamani vinavyounganisha vijiji kupitia msituni. Usiviache nje ya ramani kwa kuona haya.

Kugawa kanda, na kufunga kiini

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Weka ramani ya maji, ya viumbe na ya matumizi ya watu mezani kwa pamoja, kisha chora kanda. Nne zinatosha: kiini kisichofikiwa isipokuwa kwa doria na utafiti wenye kibali, kanda ya matembezi yenye njia chache zilizopimwa, kanda ya matumizi ya majirani, pale mpango na mkataba unaporuhusu kuni kavu, dawa na mizinga ya nyuki, na kanda ya huduma, yaani ofisi, geti, kambi na maegesho.

Kiini kiwe kikubwa na kiwe kimoja. Vipande vitano vidogo vilivyozungukwa na njia si kiini. Msitu wa mlima umezoea giza na unyevu. Ukiukatakata, upepo na jua huingia kutoka pembeni, na mimea ya uwazi hufuata. Kwa hiyo unapochora, angalia umbali kutoka ukingoni kabla ya kuangalia jumla ya hekta.

Wazo la kuliacha eneo ndani ya msitu wa taifa bila barabara wala jengo lina historia yake Marekani. Idara ya misitu ya huko, iliyoanzishwa 1905, ilitenga eneo la Gila katika jimbo la New Mexico mwaka 1924, na mwaka 1964 bunge lao likapitisha sheria maalumu ya maeneo ya pori. Tunaweza kujifunza kwao nidhamu ya kukataa barabara. Ila sheria ile inamwona binadamu kama mgeni anayepita tu, na kwetu hilo halishikiki. Misitu ya Usambara, Upare na Uluguru ina koo zinazojua babu yao alizikwa wapi ndani yake. Kukifunga kiini bila kuweka utaratibu wa tambiko la mara moja kwa mwaka ni kutafuta ugomvi usio na faida. Ruhusu, andika siku na idadi ya watu, mwambie askari wako akae mbali.

Kuna watakaokuonyesha Karura, pale Nairobi, kama mfano wa kufuata: uzio wa umeme, njia za baiskeli, wakimbiaji alfajiri, familia wikiendi. Karura ni mafanikio makubwa, na bila Wangari Maathai na wenzake waliosimama dhidi ya wanyakuzi mwishoni mwa miaka ya 1990 pengine leo pangekuwa na maghorofa. Lakini ni hekta zipatazo 1,000 katikati ya jiji, na kazi yake ni kuwapumzisha watu wa jiji. Kwa Tanzania, anayefanana nayo kwa kazi ni Pugu-Kazimzumbwi, jirani na Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kwenda na watoto asubuhi na kurudi jioni. Misitu ya aina hiyo ibebe umati. Ukitaka Amani au Uluguru ibebe pikiniki za watu mia tano, umeshindwa kuzitofautisha kazi za misitu.

Kaa na vijiji kabla ya kukaa na mawakala

Mkataba wa usimamizi wa pamoja unasainiwa na kijiji kupitia mkutano mkuu, si na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Peleka ramani ya kanda ikiwa bado ya penseli. Ukienda nayo imeshapigwa laminesheni, watu watakusikiliza kwa adabu, watakula soda, na watarudi kufanya walichokuwa wakifanya.

Mambo ya kuzungumza yawe ya maisha: kuni zinatoka wapi, siku gani, kwa njia ipi, mbao za kujengea zinatoka wapi, ng'ombe wananyweshwa wapi, nani analipwa kusafisha njia. Kwa mbao, jibu lisiwe "hairuhusiwi" halafu kimya. Amani imepakana na eneo la shamba la mitiki la Longuza, na vijiji vingi vina miti ya kupanda. Msaidie fundi seremala apate mbao halali karibu, na shimo la kupasulia mbao msituni litapungua bila risasi.

Habari ya Derema, hukohuko Usambara Mashariki, ni ya kuisoma kabla ya kumwahidi mtu chochote. Ule ulikuwa ushoroba unaounganisha vipande vya msitu, na ndani yake wakulima walikuwa wanalima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kwa mbali ulionekana msitu mzima. Chini palikuwa shamba. Kuuhifadhi kulimaanisha kuwaondoa kwenye zao lao la fedha, na suala la fidia lilichukua miaka. Mkulima wa iliki hakuwa mhalifu. Alikuwa mtu aliyepoteza kipato kwa ajili ya maji ya mwingine. Kama hifadhi yako ina kitu cha aina hiyo, fedha ziwepo kwanza, tarehe ifuate.

Na usikitegemeze kijiji kwenye mradi mmoja. Ufugaji wa vipepeo Amani, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000, uliwapa watu kipato halisi kwa kuuza pupa kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, vipepeo nao wakakumbwa. Nyuki, miche, kuongoza wageni, viungo: changanya.

Kuchonga njia

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu njia mbaya huharibu msitu kuliko jangili mmoja, na inaharibu kila msimu wa mvua bila mtu kukamatwa.

Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, juu ya udongo mwekundu unaoteleza. Njia inayoshuka mlima moja kwa moja inageuka mfereji katika masika mawili. Wageni wanaona tope, wanapita pembeni, njia inapanuka. Mizizi inafukuliwa, mti unaegemea. Dawa ni kuukata mteremko kwa ubavu. Kanuni mbili zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima inapopita, na kwa wastani usizidi mita 10 za kupanda kwa kila mita 100 za mwendo. Huna haja ya mashine. Wakulima wa Usambara waliofundishwa makinga maji wanajua kutumia fremu ya mbao yenye umbo la A na jiwe linaloning'inia kwa kamba. Uwaajiri wakulima hao, watakuchorea mstari kwa vijiti siku nzima bila kukosea.

Uso wa njia uelemee kidogo upande wa bondeni, ili maji yaivuke njia badala ya kutembea nayo. Kila baada ya hatua thelathini hadi hamsini, kutegemea mteremko, iache njia ishuke kidogo kisha ipande tena. Hapo maji yatatoka yenyewe. Kinga ya gogo lililolazwa kukata njia inaonekana kazi nzuri siku ya uzinduzi, ila huziba kwa tope na ikioza hakuna anayeibadilisha. Mshuko na mnyanyuko ule wa udongo haupendezi kwenye picha, lakini unadumu. Kwenye vijito, jiwe la kukanyagia ni bora kuliko daraja la mbao, ukiondoa mahali maji yanapojaa ghafla.

Upana: mtu mmoja nyuma ya mwingine. Mita moja inatosha.

Kisha kuna kosa la usafi. Vijana wakilipwa kwa mita kufyeka njia, watafyeka kila kitu hadi mita tatu kila upande, na bosi akipita atasifia. Sasa yupo ndege mdogo wa rangi ya majivu, mshonaji mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, ambaye duniani kote anajulikana Usambara Mashariki na kwenye uwanda mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji. Anapenda msongamano wa mitambaazi pembeni mwa msitu na kwenye mianya, yaani kile hasa ambacho panga linakiona uchafu. Waonyeshe wafyekaji, kwa utepe uliofungwa kwenye miti, mahali panga linapoishia. Waongozaji nao wapewe sharti: hakuna kumwita ndege huyu kwa kumpigia sauti yake kwenye simu mara kwa mara ili mgeni apate picha. Ndege anayekimbilia mpinzani asiyekuwepo hali wala halishi.

Tafiti za matembezi ya porini zinakubaliana juu ya jambo moja linaloshangaza: uharibifu mwingi hutokea na watu wa kwanza wachache. Mahali pasipowahi kukanyagwa, vikundi vichache tu huacha alama. Mahali palipokwisha kukanyagwa, mia moja zaidi hawaongezi sana. Kwa hiyo usiwatawanye wageni "ili kupunguza mzigo". Wakusanye kwenye njia chache imara, na maeneo mengine yaache kabisa.

Wageni wangapi?

Mwaka 1985 wataalamu wa idara ya misitu ya Marekani walitoa utaratibu wa kuweka mipaka ya mabadiliko yanayokubalika. Badala ya kuuliza watu wangapi wanatosha, unauliza: mabadiliko gani tunayavumilia, na tukiyavuka tutafanya nini? Chagua vipimo vichache ambavyo askari yeyote anaweza kuvichukua. Kwa mfano: njia isizidi mita 1.2 kwa upana. Mahali penye mizizi iliyofukuliwa pasizidi pawili kwa kila kilomita. Kambi isitanuke nje ya vigingi. Kikundi kimoja kisikutane na zaidi ya vikundi viwili kwa asubuhi. Andika pembeni hatua itakayofuata kila kipimo kikivukwa, na uifanye. Kuifunga njia wakati wa masika ni hatua ya kawaida. Mgeni mwenye akili anaelewa, na wakala ataelewa akiambiwa miezi mitatu kabla.

Kikundi kiwe cha watu wanane hadi kumi kwa mwongozaji mmoja. Waongozaji watoke vijiji vya jirani, wafundishwe, wavae kitambulisho. Bei ya kuingia ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na ya mwongozaji iandikwe ubaoni getini, ili mgeni asipambane na bei mbili.

Getini weka daftari lenye safu ambayo madaftari mengi hayana: saa ya kurudi. Jina, njia, mwongozaji, saa ya kutoka, saa ya kutarajiwa, saa aliyorudi. Saa kumi na mbili jioni mlinzi wa zamu anapitia safu ya mwisho. Palipo wazi ndipo msako unapoanzia. Kwenye mabonde simu hazishiki, kwa hiyo redio ya mkononi na machela viwe getini, si kwenye ghala la ofisi ambalo ufunguo wake uko na mtu aliye likizo.

Kambi ziwe chache na zenye vigingi, choo cha shimo angalau mita 60 kutoka kwenye maji, na takataka zirudi na mwenye nazo. Moto wa kuni ndani ya msitu upigwe marufuku. Jiko la gesi linapika chai ileile.

Viatu vioshwe. Chura wa Kihansi, kule Udzungwa, alikuwa ameshapungukiwa na mvuke wa maporomoko baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2003 kuvu ya ngozi ya vyura ikakutwa huko, idadi ikaporomoka, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kuvu kama hiyo husafiri kwenye tope. Ndoo mbili, brashi na dawa ya kuulia vijidudu getini ni gharama ndogo sana, hasa kwa watafiti na wapenda vyura wanaotembelea misitu mitatu kwa wiki moja.

Moto

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro eneo la Whona, mahali pa mapumziko ya wapandaji, na uliwaka kwa siku nyingi huku mamia ya watu wakiwemo wanafunzi wakipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Ule ni ukanda mkavu wa vichaka, tofauti na msitu wa mvua, lakini funzo linahamishika: mahali wageni wanapokaa pamoja na kupasha chakula ndipo moto unapozaliwa.

Kwa misitu mingi ya Usambara na Upare hatari nyingine inatoka shambani, wakati wa kuandaa ardhi kabla ya mvua. Kubaliana na kijiji kwamba anayechoma anatoa taarifa siku moja kabla, anachoma asubuhi na mapema, na jirani wawili wapo. Mrina asali anayetumia mwenge apewe mzinga wa kisasa na bomba la moshi. Barabara za moto zisafishwe kabla ya kiangazi, vifaa vihesabiwe, na majina ya watu ishirini wa kila kijiji yawe ukutani pamoja na namba zao. Watu waliopanda kuzima moto walishwe na walipwe. Wasipolipwa mara moja, mara ya pili watachelewa kusikia filimbi.

Mimea vamizi: usikimbilie panga

Bustani ya Amani ilileta mamia ya mimea kutoka mabara mengine, na mingine ilitoroka: Clidemia kutoka Amerika, mti wa mpira wa Castilla, Lantana. Mashuhuri ni Maesopsis, musizi wa Waganda, ambao ni wa asili Kagera lakini si wa Usambara. Ulipandwa, kisha mashine za kuvuna magogo miaka ya 1970 na 1980 zikaufungulia mianya, na ndege aina ya hondohondo wakasambaza mbegu. (Ukataji ule ulikuwa na mkono wa msaada wa Finland, na ni Finland hiyohiyo iliyokuja kufadhili uhifadhi wa milima hii miaka ya 1990. Kila msimamizi wa mradi angepaswa kuisoma habari hiyo.)

Mhifadhi mpya akiona musizi hutaka kuukata. Subiri. Ukiangusha mti mkubwa unafungua mwanya mpya, na musizi hupenda mwanya. Chini ya kivuli chake miche ya asili mara nyingi imeshaanza kupanda. Mpango wa busara ni kung'oa miche yake kando ya njia na kwenye mianya mipya, kuibambua gome miti michache kwa awamu ili ife imesimama, na kuacha kivuli kikae. Kwa Clidemia, ng'oa kabla haijazaa, na anza na njia za wageni kwa sababu mbegu huzibeba viatu.

Kupima, fedha na makabidhiano

Chagua vituo vya picha kwenye njia, kambi na vyanzo vya maji, viwekee kigingi, na piga picha ileile, upande uleule, mara mbili kwa mwaka: mwisho wa masika na mwisho wa vuli. Pima upana wa njia kila mita 200 siku hizohizo. Visiki vipya, matanuri ya mkaa na mitego viandikwe kwa GPS kwenye kila doria, pamoja na njia doria iliyopita. Bila hiyo hutajua kama uhalifu umepungua au askari wamebadilisha njia.

Kuhusu bajeti nina maoni makali kidogo. Doria, mpaka na moto visitegemee kiingilio cha wageni. Mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama, hifadhi zilizojiendesha kwa watalii ziliona. Fedha za wageni zilipe mambo ya wageni: njia, vyoo, geti, mafunzo ya waongozaji, na fungu la vijiji linalotajwa hadharani kwenye mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi, na risiti zikibandikwa ubaoni.

Mwisho, jalada la makabidhiano. Utahamishwa, pengine kabla mpango wa miaka 5 haujaisha. Weka ndani yake ramani ya kanda, alama za GPS za bikoni na vituo vya picha, mikataba ya vijiji, orodha ya majabali ya urujuani (nakala hii isitoke ofisini, wachuma maua wapo), majina ya wazee wanaosimamia matambiko na tarehe walizopewa, na orodha ya ahadi ulizotoa ambazo hazijatimizwa. Hiyo ya mwisho iandike kwa mkono wako na uisaini, kisha umpeleke mrithi wako kwa miguu katika kila kijiji kilichomo kwenye orodha, kabla hujapakia mizigo.